Générose Ashuka Onomichi

Abiria wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo, Kigali, walimjua Générose kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kioo cha dirisha lake la kukatia tiketi kilikuwa kimepakwa rangi karibu chote, chini kukabaki upenyo wa kupitisha mkono. Ulipaswa kuinama ndipo umwone: mwanamke mwenye miwani, kalamu imechomekwa nyweleni, kitabu cha tiketi mbele yake. Lakini sauti yake ilifika hadi barabarani. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni cha sokoni na cha nyumbani, na alipoolewa Kigali alikuja nacho. Mfanyabiashara wa kutoka Bukavu, utingo wa lori la Tanzania, mama wa Cyangugu asiyejua neno la Kifaransa, wote walimkimbilia yeye, na hakuna aliyeondoka pale bila kujua basi lake linaondoka saa ngapi na atashuka wapi.

Mumewe, Jean-Berchmans, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja ya Gikondo. Walikaa Gatsata, nyumba ya vyumba vitatu juu ya barabara, mahali ambapo mvua ikinyesha njia yote hugeuka utelezi. Walikuwa na watoto wawili, na mkubwa aliitwa Alida. Habari ya Générose huwezi kuisimulia bila kuanza na siku aliyozaliwa Alida.

Ilikuwa Aprili 1984, asubuhi, mvua inamwagika. Jean-Berchmans alikwisha kwenda kazini. Générose alikuwa na mimba ya miezi minane, na alipoinuka kuchemsha chai aliona damu inamtiririka miguuni. Jirani yake Spès alimshika kiunoni, wakateremka hadi barabarani, wakasimama pale wanasubiri gari lolote. Yalipita magari matatu na hakuna lililosimama. La nne lilikuwa basi jipya kabisa, tupu, halina hata kibao cha safari. Spès akaingia katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili.

Aliyekuwa akiendesha ni Mjapani mmoja aitwaye Morita. Alikuwa ameletwa pamoja na mabasi ya msaada kutoka nchi yake ili awafundishe mafundi wa gereji, na asubuhi hiyo alikuwa anajaribu breki mlimani. Hakuuliza swali. Alishuka, akasaidiana na Spès kumpandisha Générose, wakamlaza sakafuni katikati ya viti juu ya koti lake. Kisha akafanya jambo ambalo madereva wa Gatsata walilizungumza kwa miaka: akaligeuza lile basi refu palepale, barabara nyembamba, korongo upande mmoja. Toka hapo hadi hospitalini hakuondoa mkono kwenye honi.

Daktari alimwambia Générose baadaye kwamba kondo la nyuma lilikuwa limeachia mapema, na kwamba kwa nusu saa nyingine wangezikwa wawili. Mtoto alitoka mdogo kama kiganja, akalia, akaishi. Mama alilala hospitalini siku kumi na mbili. Alipopata nguvu alimfunga mtoto mgongoni akaenda gereji kumshukuru yule mtu. Ismaël, fundi mkuu wa pale, alimpokea kwa pole na hongera, kisha akamwambia kwamba Morita mkataba wake umekwisha. Alikuwa amepanda ndege Kanombe siku nne zilizopita.

Générose akarudi nyumbani na shukrani yake bado iko mkononi. Tangu siku hiyo ilimsumbua kama deni lisilo na mwenyewe. Alida alipoota meno, Générose alimkumbuka Morita. Alipoanza kutembea alimkumbuka. Siku ya kwanza ya shule, mtoto alipogeuka kumpungia mkono, Générose alisimama mlangoni akilia, na Spès, ambaye hakuhitaji kuelezwa, akasimama naye.

Katikati ya 1991, barua ilifika ofisi ya mabasi. Japani ilikuwa inatoa mafunzo ya wiki kumi kuhusu huduma kwa abiria, kwa Kifaransa, kwa ajili ya watu wa nchi za Afrika. Waliitaka ofisi ipeleke mtu mmoja anayekutana na abiria kila siku, si mkubwa wa kukaa mezani. Vita vilikuwa vimeanza Oktoba ya mwaka uliotangulia, barabara ya Ruhengeri haikuwa ya kutegemewa, na kila safari ilikuwa na vizuizi na maswali. Mkuu wa kitengo, Bwana Karangwa, mtu wa maneno machache na mashaka mengi, aliwashangaza wote alipoandika jina la Générose. Alisema kwamba katika miaka tisa hajapokea lalamiko hata moja juu ya dirisha lake.

Nyumbani, Jean-Berchmans alilifikiria jambo hilo siku mbili. Wiki kumi ni nyingi kwa mwanamume aliyezoea kukuta chakula mezani, na majirani walikuwa wamekwisha kuanza kusema. Siku ya tatu, akila, alimwambia mkewe aende, yeye na Spès watawaangalia watoto. Halafu akaongeza, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani:

"Ukimpata yule mtu, umshukuru mara mbili. Moja ni yangu."

Générose alikwenda gereji. Alijua kwamba mwaka wa pili baada ya kuondoka, Morita aliwatumia mafundi kadi ya mwaka mpya, na kwamba Ismaël aliibandika ukutani penye spana. Kadi ilikuwa bado ipo, imefifia, ina alama za vidole vya grisi. Ismaël aliibandua taratibu kwa ncha ya bisibisi, akamkabidhi pamoja na salamu zake. Yeye ndiye aliyemfundisha Morita Kiswahili cha gereji, na kwa hilo alijisifu mpaka kesho.

Mafunzo yalikuwa Kitakyushu, mji wa viwanda kusini mwa Japani. Walikuwa watu kumi na mmoja, kutoka Senegali, Madagaska, Mali na kwingineko, na mlezi wao alikuwa Bi. Hayashi, mwanamke mpole aliyesoma Kifaransa Lyon. Générose alishangaa mengi, lakini yeye alikuwa mtu wa tiketi, na kilichomkamata moyo ni somo la wiki ya nne. Mwalimu aliwaeleza kwamba katika reli za Japani, tiketi ya kawaida ya safari inayozidi kilomita mia moja inamruhusu abiria kushuka njiani. Unashuka stesheni uipendayo, unatoka nje kabisa, unatembea mjini, hata unalala, kisha unarudi na kuendelea na tiketi ileile. Masharti ni mawili. Usirudi nyuma, na usipitishe siku zilizoandikwa, ambazo huongezeka kadiri safari inavyokuwa ndefu.

Générose alinyoosha mkono akauliza kama ameelewa sawasawa. Mwalimu akarudia. Akauliza tena. Wenzake wakacheka, lakini wao hawakukaa miaka tisa nyuma ya dirisha la Nyabugogo. Hawakuwa wamewaambia mamia ya watu kwamba tiketi ya Cyangugu ukishuka nayo Butare, katikati ya njia, imekufa, hata kama umeshuka kwa sababu baba yako yuko kitandani. Aliliandika somo lile kwenye daftari lake, akalipigia mistari miwili.

Jioni hiyo alimpelekea Bi. Hayashi kadi ya Morita na kumsimulia habari yote. Bi. Hayashi aliisoma anwani ile iliyofifia, akaenda kuleta ramani. Morita alikuwa akiishi Onomichi, mji mdogo wa bandari. Na Onomichi, alisema akiweka kidole kwenye ramani, iko kwenye reli ya zamani ya pwani, njiani kwenda Tokyo, ambako washiriki wote wangepandia ndege ya kurudi kwao.

Bi. Hayashi alitafuta namba ya simu, akapiga. Aliyeitika ni mke wa Morita. Mazungumzo yalikuwa marefu, na alipoweka simu uso wake ulikuwa umebadilika. Bwana Morita yuko hai, alisema, ila miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi na maneno yanamtoka kwa shida. Mkewe hana hakika kama atakumbuka. Lakini amesema mgeni anayetoka mbali hivyo aje, na alale kwao.

Likabaki suala la safari. Washiriki wote walikwisha pangiwa treni ya mwendo wa kasi ya siku ya Ijumaa, moja kwa moja hadi Tokyo, na ndege ilikuwa Jumatatu. Bi. Hayashi alimwombea Générose ruhusa ya kutangulia Alhamisi peke yake, kisha wakaenda pamoja stesheni ya Kokura, mle mle Kitakyushu. Karani wa pale, kijana aliyevaa glavu nyeupe, aliwasikiliza mpaka mwisho, akaeleza na Bi. Hayashi akafasiri. Kuna tiketi ya safari na kuna tiketi ya kasi, ni karatasi mbili tofauti. Ya kasi haina kushuka njiani: ukitoka tu, kazi yake imekwisha. Ya safari ndiyo yenye ruhusa. Kwa hiyo ni heri mama achukue tiketi moja ya Kokura hadi Tokyo kupitia reli ya pwani, ambayo itadumu siku saba, apande treni za kawaida mpaka Onomichi, na baada ya hapo, akifika mji mkubwa unaofuata, anunue tiketi ya kasi ya kumalizia. Générose alisikiliza kama anayesikiliza mtu wa kazi yake. Alipenda jinsi karani alivyoeleza bila haraka ingawa nyuma yao foleni ilikuwa imejipanga.

Alhamisi aliondoka alfajiri. Treni ilipita chini ya bahari, ikatokea upande wa pili, na yeye akabadilisha behewa kila mahali karatasi ya Bi. Hayashi ilipomwelekeza. Kila aliposita, mtu alimwonyesha jukwaa. Mara moja mwanamke mzee aliacha treni yake mwenyewe ipite ili ahakikishe kwamba mgeni amepanda inayofaa. Upande wa kulia bahari ilionekana na kupotea, tulivu kama ziwa, imejaa visiwa. Alikuwa na picha ya Alida kwenye mkoba, na karatasi ya shukrani iliyoandikwa kwa Kijapani, ambayo angeinyoosha tu iwapo maneno yangekosekana.

Alifika Onomichi saa nane mchana. Langoni alitoa tiketi yake, na kwa mazoea ya kazi akaiaga, maana kwao mlinzi angeichana. Mzee wa lango aliitazama, akaona imeandikwa Tokyo, akaigonga muhuri mdogo wenye jina la stesheni, akamrudishia kwa mikono miwili. Générose alisimama pale akiangalia ule muhuri mpaka watu wa nyuma yake wakampita.

Mama Morita, yule mke aliyeitika simu, alikuwa akimsubiri nje, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi, ameshika kadibodi iliyoandikwa jina lake kwa herufi kubwa. Waliinamiana, kisha Générose, aliyeshindwa kujizuia, akamkumbatia. Nyumba ilikuwa juu mlimani. Mji wenyewe ulipanda kutoka baharini kama Gatsata inavyopanda kutoka Nyabugogo, nyumba juu ya nyumba, na njia ni ngazi za mawe. Mama Morita alitazama nyuma mara kwa mara kuona kama mgeni amechoka. Mgeni hakuchoka, ngazi hizo alikuwa nazo miguuni tangu aolewe.

Morita alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, lakini ugonjwa ulikuwa umemwongezea mingine. Alimtazama Générose kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni wa mkewe. Na angemtambuaje? Alimwona mara moja tu, amelala sakafuni mwa basi, uso umejaa maumivu. Générose alitoa ile karatasi ya Kijapani, akaikunjua, akaona si maneno yake. Akairudisha mkobani. Akapiga magoti mkekani ili macho yao yalingane, akasema kwa Kiswahili:

"Mzee Morita, mimi ndiye yule mama wa Gatsata. Ulinipeleka hospitali na basi jipya, siku ya mvua."

Mama Morita, aliyekuwa anamimina chai, aliinua kichwa, kwa kuwa hakujua lugha hiyo. Midomo ya mumewe ilianza kusogea, ikasimama, ikaanza tena.

"Gatsata," alisema. Halafu, "Mtoto iko?"

Kilikuwa Kiswahili cha gereji, Kiswahili cha Ismaël, kimekaa humo kifuani mwa mtu huyu miaka saba.

"Iko, mzee," alisema. "Mtoto iko. Iko mzima. Anaitwa Alida, anasoma darasa la pili."

Akampa picha. Morita aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa picha ya sikukuu, Alida amevaa gauni la njano, ametabasamu na pengo la meno mawili. Alikaa nayo muda mrefu hata chai ikapoa. Kisha, neno moja moja, huku akipumzika katikati, alieleza. Kabla ya kuondoka Kigali alimuuliza Ismaël habari za yule mama. Ismaël akamwambia iko sawa.

"Lakini Ismaël," alisema Morita, "basi haina breki, yeye anasema iko sawa."

Akacheka. Cheko lenyewe lilitokea upande mmoja wa uso, lakini lilikuwa cheko la kweli, na Générose naye akacheka huku machozi yanamtoka, kwa sababu alimjua Ismaël na hakuna aliyemweleza vizuri zaidi. Kwa hiyo miaka yote ile Morita hakuwa na hakika. Alipomgeukia mkewe na kumfasiria, polepole, yule mama aliweka birika chini akafunika uso kwa viganja. Baadaye Générose alikuja kuelewa kisa: kila mvua kubwa ya Aprili iliponyesha, Morita alikuwa akiacha kazi na kusema kwamba angependa kujua kama yule mtoto aliishi.

Générose akasema alichokuja kusema.

"Nilikuja gereji kukushukuru, nikakuta umeondoka. Mume wangu amenituma nikushukuru mara mbili. Asante, mzee. Asante."

Morita akatikisa kichwa. "Mimi naendesha tu."

"Uligeuza basi pale Gatsata. Mpaka leo madereva wetu hawageuzi pale."

Hilo lilimfurahisha fundi huyo kuliko yote. Alimwomba arudie, na aliporudia akamfasiria mkewe kwa majivuno ya wazi.

Walikula samaki na wali, wakakaa wanatazamana na kucheka kwa vitu vidogo. Morita aliuliza habari za mafundi mmoja mmoja. Aliuliza mabasi yake yako wapi, na Générose akamwambia kwamba manne bado yanakwenda Butare kila siku. Hakumficha kwamba nchi ina vita na kwamba watu wanaogopa. Morita aliinamisha kichwa, akagusa picha ya Alida kama anayehakikisha kwamba ipo. Générose alilala chumba kinachotazama bahari, juu ya godoro lililotandikwa sakafuni, usingizi mzito ambao hakuupata tangu atoke kwake.

Asubuhi Morita aliamua kumsindikiza. Mkewe alipinga, kwani hakuwa ameteremka zile ngazi tangu majira ya joto, lakini mzee alikwisha kuvaa kofia. Waliteremka watatu, yeye katikati na fimbo yake, wanasimama kila baada ya hatua chache. Iliwachukua karibu saa nzima, na treni mbili ziliondoka wakiwa bado njiani. Haikuwa neno, tiketi ilikuwa na siku tano mbele yake. Langoni Morita aliomba kuiona. Akasoma muhuri wa mji wake juu ya karatasi ile, akaitikia kwa kichwa.

"Tiketi nzuri," alisema. "Unashuka, unapanda."

Générose alimshika ule mkono usio na nguvu kwa mikono yake yote miwili. Treni ilipoanza kuondoka aliwaona wamesimama nyuma ya uzio, wote wawili wameinama, na hawakuinuka mpaka behewa likapinda kona.

Tokyo, mwisho wa safari, mtu wa lango alitaka kuichukua tiketi, maana ndiyo kanuni. Générose aliomba kwa ishara abaki nayo. Akagongewa muhuri mwingine wa kuonyesha kwamba imekwisha tumika, akarudishiwa.

Alirudi Kigali mwishoni mwa Novemba. Kiwanjani Kanombe Jean-Berchmans alikuwa akimngoja na watoto, wamevaa nguo za Jumapili, na kabla hata ya kufika nyumbani alikuwa amesimuliwa yote, na sehemu ya kugeuza basi mara mbili. Ismaël alipopelekewa salamu na lile neno la breki, alikiri mbele ya mafundi wote kwamba ni kweli.

Ofisini Générose aliandika ripoti. Mwishoni aliongeza kurasa mbili ambazo hakuombwa. Alipendekeza kwamba abiria wa Kigali kwenda Cyangugu waruhusiwe kushuka Butare mara moja, na kuendelea na tiketi yao ndani ya siku tatu. Bwana Karangwa alimwita. Alikuwa amezisoma, na alikuwa na mashaka yake tayari: watu watauza vipande vya safari, watapeana tiketi, basi la siku ya pili litajaa wasiojulikana. Générose alikuwa amekwisha kuyafikiria hayo njiani. Jina na namba ya kitambulisho viandikwe mgongoni mwa tiketi, ofisi ya Butare igonge muhuri siku mtu anaposhuka, na anayeendelea apande iwapo pana nafasi. Kisha akaitoa tiketi ya Tokyo na kuiweka mezani.

Karangwa aliigeuza huku na huku. Alimuuliza kama kweli alilala katika mji ule na kuendelea bila kulipa tena. Générose akamwambia alikolala na kwa nini. Mkuu yule hakujulikana kwa upole, lakini alisikiliza habari nzima bila kuangalia saa, na alipomrudishia tiketi alisema atajaribu kwa miezi sita, kwa njia hiyo moja tu.

Ilianza Machi 1992. Mwanzoni wengi hawakuamini. Mmoja aliyeamini ni mwanamke aitwaye Uwimana, aliyeinama dirishani siku moja ya Juni na kuomba tiketi ya Cyangugu kwa sauti ya mtu aliyelia. Générose akamuuliza kama kuna msiba. Uwimana akasema hapana, ila dada yake amejifungua kwa upasuaji Butare, hali yake si nzuri, na yeye anangojewa kwa mama yao Cyangugu. Atapita mlangoni mwa hospitali bila kumwona.

"Utamwona," Générose alimwambia. "Shuka Butare, nenda ofisini wakugongee muhuri. Kesho au keshokutwa utapanda tena kwa tiketi hii hii."

Uwimana alimtazama kwenye ule upenyo, akamwomba arudie. Générose akarudia, kwa utaratibu, kama yule karani wa Kokura, na watu wa foleni wakangoja.

Baada ya wiki mbili Uwimana alirudi na sambaza, dagaa wakavu wa Ziwa Kivu, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Dada yake alikuwa amepona na mtoto ananyonya. Siku ile aliyoshuka, alisema, dada alikuwa amekata tamaa, na alipofungua macho akamkuta ameketi kando ya kitanda. Générose alipokea samaki wale kwa furaha. Alimwambia kwamba shukrani hizo ataziwasilisha, kwa sababu zina wenyewe wengi, na mwingine yuko mbali sana.

Miezi sita ilipokwisha Karangwa hakusema kitu, wala hakuleta amri ya kusimamisha. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa ndiyo ruhusa.

Mwezi wa Oktoba barua ilifika kutoka Onomichi, imeandikwa kwa Kifaransa na mwalimu mmoja wa huko kwa niaba ya Mama Morita. Alisema kwamba tangu ile asubuhi ya kumsindikiza mgeni, mumewe anateremka ngazi kila Jumapili hadi stesheni na kupanda tena, na daktari ameridhika. Picha ya Alida iko karibu na redio. Bwana Morita anauliza kama kweli yale mabasi manne bado yanatembea, na ameomba jibu lisitoke kwa Ismaël.

Jean-Berchmans alisoma barua ile kwa sauti, na Spès, aliyeitwa kusikiliza, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Wakakubaliana waombe misa ya shukrani. Jumamosi Générose alikwenda parokiani na Alida. Padri alifungua daftari la nia za misa akauliza jina la anayeombewa. Générose akasema Morita. Padri akauliza jina lake la ubatizo, Générose akamjibu kwamba hana, si Mkristo, ni fundi wa mabasi wa Japani, na kwamba bila yeye mtoto huyu aliyesimama hapa asingekuwepo. Padri alimtazama Alida, mrefu sasa kuliko meza, pengo la meno limekwisha kuziba. Akashika kalamu, akaandika: kwa ajili ya Morita wa mabasi, na mke wake, kwa shukrani.

Kesho yake kanisa lilijaa. Jina lile liliposomwa, baadhi ya watu waligeuka kuuliza ni nani huyo. Madereva wawili wa zamani, waliokaa benchi za nyuma, walikuwa wanamkumbuka, nao wakawaeleza wenzao kwa mnong'ono jinsi basi lilivyogeuzwa Gatsata.